Soketi Nyuma ya Madebe

Dhanbai alianguka kutoka kwenye stuli, na kwa kosa hilo moja mwanawe akaamua kumhamisha mji.

Wala haikuwa stuli ndefu. Ilikuwa ile ya jikoni, ya kukalia mtu akimenya viazi, ambayo mguu wake mmoja umefungwa utepe wa kijani. Ila katika nyumba ile ya Kambarage, mjini Shinyanga, simu ya mkononi haishiki jikoni mpaka upande juu ya kitu na kunyoosha shingo kuelekea dirishani. Wajukuu wake walioko Geita walikuwa wanamsomea sura waliyohifadhi, na Dhanbai hakuwa bibi wa kukosa jambo kama hilo. Akapanda, aya ya kwanza akaisikia vizuri, ya pili akaisikilizia sakafuni. Nyonga ilimuuma majuma kadhaa, ikapoa, akarudi kwenye karai lake la sambusa. Aliyeshindwa kupoa ni Hozefa, mwanawe.

Hozefa alikuwa na duka Kalangalala, Geita mjini, akiwauzia wachimbaji pampu, mipira ya maji na glavu. Alikuwa mtoto mwema, na watoto wema wana udhia wao. Alishamwandalia mama yake chumba, akakipaka rangi, akakitia kiyoyozi na televisheni kubwa kama mlango, na kila alipopiga simu alikisifu chumba kile mpaka Dhanbai akakichukia kabla hajakiona.

"Huko uko peke yako, Mama," alimwambia.

"Niko na Lusia."

"Lusia mwenyewe anahitaji wa kumwangalia."

Hilo Lusia alilisikia, na hakulisahau. Alikuja katika nyumba ile akiwa msichana, kumsaidia bibi harusi ambaye hata jiko la mkaa alikuwa hajui kuliwasha, na sasa wote wawili walikuwa na mvi na magoti ya kulalamikia. Asubuhi Lusia alifika kutoka kwake, jioni akarudi kwa wajukuu wake, na katikati walishinda wakigombana juu ya chumvi. Dhanbai hakuweza kufikiria siku isiyo na ugomvi huo.

Basi mama na mwana wakapatana hivi. Kama Hozefa ataweza kumwona mama yake kwa picha asubuhi na jioni, huko huko nyuma ya nyumba anakoshinda, bila mama kupanda juu ya kitu chochote, atamwacha abaki. Ikishindikana, Dhanbai atakwenda Geita bila maneno. Dhanbai alikubali haraka kwa sababu alidhani intaneti ni kama umeme, ukishaivuta imefika.

Haikuwa hivyo. Kile kisanduku cha intaneti kiliwekwa chumba cha mbele, kilichokuwa ofisi ya marehemu mumewe Firoz, na mawimbi yake yaliishia sebuleni. Kuta za nyumba ile ni za mawe, nene kiasi kwamba mtoto anaweza kulala kwenye kizingiti cha dirisha. Jikoni hapakufika kitu.

Hapo ndipo Hozefa alipopata wazo lililomfurahisha sana. Firoz alikuwa mnunuzi wa dengu na choroko, na biashara ilipochanganya alivuta simu ya mezani, kisha akaomba itandazwe vyumbani, ili simu ya mteja ikiita asikimbie pekupeku. Waya wake ulikuwa bado ukutani, ingawa laini yenyewe ilikatwa zamani. "Waya tayari upo," Hozefa alisema, "tutavunja ukuta wa nini?" Akanunua soketi nyeupe za mtandao, akatazama video moja kwenye simu yake, akang'oa zile za zamani na kufunga mpya kwa mkono wake. Zilipendeza. Alipochomeka, taa ya kisanduku iliwaka, ikakonyeza, ikazima. Alikilaumu kisanduku, akailaumu kampuni, akamlaumu na yule mtu wa kwenye video. Mwenyewe alijiruka.

Jumamosi aliyopanga kumaliza neno alikuja kutoka Geita na fundi aliyemchukua njiani, Ibadakuli. Lusia, aliyetoka kufungua geti, alirudi jikoni uso umemshuka.

"Gari lina maboksi matupu," alimnong'oneza Dhanbai. "Yamekunjwa, yamejaa nyuma."

Dhanbai aliendelea kusukuma chapati, ila ile aliyokuwa nayo mkononi ilitoka na pembe.

Fundi aliitwa Nkwabi, mtu mrefu, mtaratibu, asiyependa kuharakishwa. "Shikamoo, Mama Hozefa," alisema, akainama kidogo mlangoni asigonge kichwa.

"Marahaba, baba. Karibu chai."

"Wabeja, mayu. Nianze kwanza kuona mgonjwa."

Dhanbai alimpenda hapo hapo, kwa kumshukuru Kisukuma na kumwita "mayu", mama. Alimfuata chumbani akiwa na kikombe. Nkwabi alifungua soketi iliyokuwa karibu na kitanda, akaivuta nje kidogo, akaitazama, midomo ikimcheza.

"Hii kazi alifanya nani?"

Hozefa akaangalia nje dirishani kana kwamba ameitwa na mtu.

"Fundi mmoja wa Geita," alisema Dhanbai.

"Hakukosea sana," Nkwabi alisema kwa upole wa mtu aliyekwisha kuelewa. "Waya wa simu una nyuzi nne. Kwa intaneti ni chache, lakini kwa mwendo mfupi wa humu ndani zinatosha mtu kuona uso wa mwenzake. Shida ni mpangilio. Simu zilifungwa kwa kupokezana: waya unaingia soketi hii, unatoka unaenda ile, unatoka tena. Simu haina neno, hata nyumba nzima ikiamua kusikiliza kwa pamoja. Intaneti ina wivu. Inataka kutoka huku ifike kule, na katikati pasiwe na mwingine anayening'inia."

Dhanbai alitazama chai ndani ya kikombe.

"Kwa hiyo?" Hozefa aliuliza.

"Kwa hiyo hizi za katikati tunazitoa njiani. Tunaunga waya moja kwa moja kutoka ofisini mpaka chumbani kwa mama, tunajaribu. Soketi ziko wapi na wapi?"

"Ofisini, sebuleni, kwenye korido na hapa. Basi."

Nkwabi akamgeukia mwenye nyumba. "Hakuna nyingine, mayu?"

"Hakuna," alisema Dhanbai, akamwongezea sukari ambayo hakuomba.

Ilikuwapo. Ilikuwa stoo ya jikoni, nyuma ya madebe ya dengu, na simu yake ilikuwa bado imechomekwa. Waliojua habari zake ni Lusia, na fundi wa simu wa siku zile, mzee Valerian, ambaye alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Valerian alipokuja kutandaza waya, Dhanbai alimvuta pembeni akamwomba amwachie kasoketi kamoja stoo, na simu moja kuukuu isiyolia kengele, na asimwambie mzee. Alimlipa sambusa, na kila alipokuja tena kurekebisha laini alimlipa tena.

Nia yake haikuwa mbaya. Alichoka kukaa kwenye nyumba ambayo mambo yote yanatokea chumba cha mbele. Kengele ilipolia ofisini, alifuta mikono, akaingia stoo, akainua mkono wa simu na kufunika upande wa kuongelea kwa kiganja. Lusia naye alianza kuimba nyimbo za kwaya ya kigangoni kwao, kwa sauti, ili pumzi ya Mama Hozefa isisikike. Huko stoo Dhanbai aliwasikia watu wa Maswa, wa Kahama, wa Mwanza. Aliwasikia kama anavyosikia mafuta kwenye karai, akajua lini yamepata moto na lini bado. Usiku, wakiwa mezani wanakula, alimwambia mumewe kwamba ameota.

"Nimeota mtu anacheka kabla hajaulizwa bei," alisema siku moja. "Yuko juu ya magunia."

Firoz aliweka kijiko chini. "Hiyo ndoto si nzuri," alisema, na kesho yake mzigo wa mtu wa Kahama aliyepiga simu mchana ule akaukataa.

Dhanbai na Lusia walicheka jikoni mpaka wakashika mbavu. Mwanamume mzima, hodari wa hesabu, anaendesha biashara kwa ndoto za mke wake. Ulikuwa ushindi wake Dhanbai, mtamu, wa kuzeeka nao.

Aliunyamazia kwa sababu ya Hozefa. Hozefa alikulia kwenye sifa za pua ya baba yake, ya kunusa walaghai. Na sasa, Nkwabi akiwa amepiga magoti kwenye korido anaunga nyuzi, alikuwa anamsimulia hadithi ileile.

"Hakuwahi kumwona hata uso," alisema, amejiegemeza ukutani, macho yanang'aa. "Alimsikia kwenye simu mara moja tu, akasema huyu hapana. Mzigo ukachukuliwa na mwingine, ukafunguliwa Mwanza: dengu juu, mchanga chini. Baba alikuwa na pua. Mimi kila nikikaa na mtu wa pampu najiuliza, baba angesemaje?"

"Pua hiyo wengine tunaitafuta," Nkwabi alisema.

Dhanbai akarudi jikoni. Angewezaje kumnyang'anya mtoto jambo kama hilo?

Kazi ya kuunga ilipokwisha, walikwenda wote ofisini kutazama. Taa iliwaka, ikakonyeza, ikazima, vilevile. Nkwabi akarudia kufungua soketi zote, akakagua kila ungio, hakuona kosa.

"Kuna kitu bado kinaning'inia kwenye huu waya," alisema. "Kuna tawi."

Akatoa kwenye begi kifaa chenye vipande viwili. Kimoja alikibana kwenye waya ofisini. Cha pili, kilichofanana na kalamu nene, kililia kama nyenje kilipopita karibu na waya ule, hata ukiwa umejificha ndani ya ukuta. Nkwabi alitembea nacho taratibu, akikipitisha ukutani. Kililia sebuleni, kikalia kwenye korido. Walipofika mlangoni pa chumba cha Dhanbai kilitakiwa kukata kushoto, kiingie ndani. Kilikata kushoto, ndiyo, lakini Nkwabi alipokisogeza kulia kikalia pia.

"Ona," alisema. "Kuna unaoelekea jikoni."

"Jikoni hakujawahi kuwa na simu," alisema Hozefa.

Kinyenje kililia mpaka jikoni, kikapita juu ya sinki, kikafika mlango wa stoo. Dhanbai alisimama na mwiko mkononi. Stoo ilikuwa na madebe yamepangwa ukuta mzima, ya dengu, ya mchele na ya unga, na mbele ya bati zile sauti ikafifia, ikakatika. Nkwabi alipotaka kuinama zaidi, Lusia aliingia, akavuta debe la mwisho akalikalia, kanga ameitandaza magotini.

"Miguu," alisema. "Imevimba tangu asubuhi."

Hakuna kijana aliyelelewa vizuri anayemwinua mama wa watu kwenye debe. Nkwabi alirudi nyuma.

"Basi unaishia ukutani humu," alisema. "Pengine panya wameutafuna, nyuzi zinagusana. Kama ni hivyo, huu waya hautufai. Dawa ni kupitisha mpya darini, lakini dari hili limeliwa na mchwa. Nikipanda leo nitashuka nalo. Lifumuliwe kwanza, kiangazi."

Hozefa alipumua. Hakuwa na furaha ya kushinda, na hilo lilimuumiza Dhanbai zaidi. Alikuja akamshika mama yake begani.

"Tumejaribu, Mama," alisema polepole. "Umeona tumejaribu. Maboksi yako kwenye gari. Leo tuchukue nguo na vyombo unavyovipenda, vingine nitavifuata."

Ahadi ni yake mwenyewe, alikubali kwenda bila maneno. Dhanbai alitazama jikoni kwake, karai, kibao cha chapati, stuli yenye mguu wa kijani. Utepe ule ulikuwa wa Firoz, wa kutilia alama magunia yake, na hakikuvunjika kitu katika nyumba ile asikifunge nao: mpini wa mwavuli, mkono wa miwani, bomba la bustani. Kila alipomaliza kuzungusha alikunja ncha yake ikabaki kisikio kidogo, ili siku ya kuufungua mtu asihangaike na kucha. Katika chumba kile cha Geita, chenye kiyoyozi, kusingekuwa na kitu hata kimoja chenye kisikio. Na Lusia angegombana na nani?

Alimtazama Lusia pale juu ya debe. Lusia alikuwa anamtazama yeye, na alikuwa tayari kukaa pale mpaka Jumatatu.

"Ondoka hapo, mama," Dhanbai alimwambia. "Fundi, toa hayo madebe."

Nkwabi aliyatoa, na Hozefa akasaidia bila kuelewa. Nyuma ya debe la dengu ilionekana soketi ya zamani, ya rangi ya maziwa yaliyochacha, na chini yake simu imekaa kwenye rafu ndogo, vumbi limeilalia.

"Hii ya nani?" Hozefa aliuliza.

"Yangu."

"Ulikuwa unampigia nani, Mama?"

"Sikumpigia mtu. Nilikuwa namsikiliza baba yako akifanya biashara."

Alimweleza yote, wima, bila kuomba radhi, kwa maana hakuona cha kuombea radhi. Alimweleza mtu wa Kahama na kicheko chake. Alimweleza ndoto. Hozefa alikuwa anamsikiliza huku uso unamwisha rangi kidogo kidogo, na Dhanbai aliona alichokuwa akikiogopa kinatokea mbele yake.

"Kwa hiyo baba hakuwa na pua," alisema Hozefa.

"Baba yako alikuwa mtu mzuri."

"Sikuuliza hivyo."

Nkwabi, aliyetamani kuwa Ibadakuli wakati ule, alijishughulisha na kufuta vumbi la simu kwa shati lake.

"Haiwezekani," Hozefa alisema tena, safari hii kwa ukaidi, akimtetea marehemu. "Hapa ni jikoni. Mafuta yanalia, sufuria zinagongana, huyu anaimba kwaya. Watu wa upande wa pili wasisikie? Baba asisikie?"

"Nilifunika kwa kiganja."

"Kiganja kinazuia kwaya?"

Kwa kweli lilikuwa swali zuri, na ajabu ni kwamba Dhanbai na Lusia hawakuwahi kujiuliza.

Nkwabi aliupima mkono wa simu kiganjani. "Mwepesi huu," alisema, na kwa kuwa alikuwa na bisibisi tayari, akafungua kifuniko cha upande wa kuongelea. Ndani palikuwa patupu. Kipaza sauti hakikuwamo. Palikuwa na nyuzi mbili zilizokatwa, kila moja ncha yake imefungwa utepe wa kijani, na kila utepe umekunjwa mwishoni, ukabaki na kisikio.

Hozefa aliuchukua mkono wa simu. Alikigusa kisikio kimoja kwa ncha ya kidole, asikivute.

"Huyu ni Baba," alisema.

"Valerian alimwambia," alisema Lusia kwa uchungu. "Sambusa zote zile."

Dhanbai alitafuta pa kukaa, akakaa kwenye debe la Lusia. Firoz alijua. Pengine tangu siku ya kwanza alijua, akaingia stoo siku ambayo yeye hayupo, na bisibisi yake na utepe wake, akahakikisha mke wake anaweza kusikia kila kitu na asisikike na mtu, hata angekaanga, hata angekohoa, hata Lusia angeimba misa nzima. Na jioni akaja mezani na uso wa mtu asiyejua lolote, akauliza, "Usiku wa jana umeota nini?" Ndiyo, aliuliza. Siku za kawaida hakuuliza, aliuliza siku za mizigo mikubwa tu.

Kisha likamjia lingine, dogo, na hilo ndilo lililomvunja. Wafanyabiashara walikuwa wakimlalamikia Firoz kwa tabia moja: alikuwa mzito kupokea simu. Itaita, itaita, itakaribia kukatika, ndipo ainue. Yeye mwenyewe alimsema mara nyingi, kwamba ipo siku watu watachoka wampigie mwingine. Firoz alijibu kwamba asiyeweza kungoja hafai kununuliwa dengu. Na muda wote ule, simu ikilia chumba cha mbele, mtu wa watu alikuwa amekaa nayo mbele yake akimngoja mke wake afute unga mikononi.

Dhanbai alicheka, na machozi yakamtoka humo humo ndani ya kicheko. Alimkumbuka mumewe kwa nguvu ambayo hakuwa ameisikia tangu siku walipomzika, ila safari hii hakikuwa kilio cha upweke. Alifurahi. Yeye na Lusia walidhani wamemcheza mzee, kumbe walikuwa watatu wakicheza pamoja.

Hozefa alichuchumaa mbele yake. Rangi ilikuwa imemrudia usoni.

"Na mimi nilidhani ni pua," alisema.

"Pua alikuwa nayo, dikra, mwanangu," Dhanbai alimjibu, akimpangusia vumbi shavuni kama alipokuwa mdogo. "Mimi nilikuwa naota tu."

Nkwabi alikohoa kwa heshima. "Mayu, hili ndilo tawi lililokuwa linaning'inia. Niking'oa simu hii na kukata waya wake pale kwenye korido, chumbani kwako patashika."

"Chumbani nalala tu," alisema Dhanbai. "Kata wa chumbani. Njia iishie hapa."

Ndivyo alivyofanya. Aliunga waya wa jikoni moja kwa moja na ule wa ofisini, akafunga soketi nyeupe mahali pa ile ya zamani, akachomeka kijisanduku kidogo cha kusambazia mawimbi juu ya debe la dengu. Wakaenda mbele kutazama. Taa iliwaka, ikakonyeza, ikakonyeza tena, ikatulia imewaka. Lusia aliishangilia kwa kigelegele kimoja kifupi, halafu akakumbuka kwamba alikuwa bado amemnunia Hozefa.

"Haina mbio sana," Nkwabi alionya. "Ukiwa na wengi humu ndani itachoka."

"Humu ndani tuko wawili," alisema Dhanbai, "na mmoja hataki kuonekana."

Walikula chapati, hata ile yenye pembe. Hozefa aliondoka mchana ule ule na maboksi yake matupu, akimshusha Nkwabi njiani. Simu ya stoo aliibeba yeye. Aliomba kwa sauti ndogo, na mama yake akampa.

Jumatatu jioni Dhanbai alikuwa amezamisha mikono ndani ya unga wakati kile kikompyuta bapa alicholetewa na mwanawe kilipoanza kuita, kimeegemezwa kwenye debe.

"Pokea," alisema Lusia. "Atadhani umeanguka."

"Atangoja."

Kiliita, kikaita. Dhanbai alijisugua unga kidole kwa kidole, akafuta mikono kwenye aproni bila haraka, na kule Geita aliyekuwa anapiga hakukata. Alipogusa kioo, uso wa Hozefa ulitokea ukitabasamu, nyuma yake mipira ya maji imening'inia.

"Mama, niko na mgeni dukani. Bwana Enock, analeta pampu kutoka nje, anataka tushirikiane. Nimemwambia nakusalimia kidogo, halafu tuendelee na mazungumzo. Sikati. Nakuweka hapa mezani."

"Niweke," alisema Dhanbai.

Kioo kikaonyesha dari ya duka. Dhanbai alibonyeza pale Nkwabi alipomfundisha, kale kapicha ka kipaza sauti kakachorwa mstari mwekundu, akavuta stuli yenye mguu wa kijani na kukaa. Bwana Enock alianza kuongea. Alikuwa na sauti nzuri, nzito, na hakucheka ovyo. Nyuma ya Dhanbai, kwa mazoea ya zamani, Lusia alikohoa kusafisha koo, akaanza kuimba.

"Huna haja," Dhanbai alimwambia. "Hawatusikii."

Lusia alifikiri kidogo, akaendelea kuimba hivyo hivyo, na Dhanbai akasogeza sikio karibu na debe, akiwaza usiku huu ataota nini.